UKURASA WA MWALIMU: Tusihukumu Bila Sababu
Filamu, vitabu na michezo ya simu majumbani mwetu



Mwezi huu tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo baadhi ya wazee wenzetu huliona kuwa ni la upuuzi, nalo ni rai zetu juu ya filamu tunazozitazama, vitabu tunavyovisoma na michezo ambayo watoto wetu huicheza katika simu. Sisi hatulioni kuwa ni la upuuzi hata kidogo, na tunawaomba wasomaji watuvumilie hadi mwisho wa ukurasa ndipo watupinge wakitaka.

Kilichotusukuma ni ujumbe wa mama mmoja akaaye Al Nahda. Mama huyo anatueleza kwamba alimkuta mwanawe wa miaka 15 akitazama filamu katika simu usiku, na machozi yakimlengalenga. Akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, unatazama nini?" Kijana akajibu kwa Kiingereza kwamba mama hataelewa, akageukia ukutani. Mama anauliza kama amnyang'anye simu hiyo au amwache.

Jibu letu ni kwamba simu si chanzo cha jambo hili. Kijana huyo alikuwa na rai, tena rai nzito kiasi cha kumtoa machozi, ila hakuwa na lugha ya kumfikishia mama yake. Mama naye lugha anayo, lakini lugha ambayo wengi wetu tumezoea kuitumia mbele ya simu ya mtoto ni ya amri tupu: zima, weka, lala, soma. Akinyang'anywa simu leo, kijana atakaa kimya bila ya simu, na ukimya utabaki pale pale. Linalohofiwa hapa ni kubwa kuliko filamu moja. Mtoto asiyeweza kubishana na wazazi wake juu ya hadithi ya kubuni, hatakuja kushauriana nao siku atakapopatwa na jambo lake mwenyewe.

BARAZANI KWETU

Wala tusidhani kuwa kuzijadili filamu ni desturi ya kigeni. Mjini Unguja palikuwa na majumba ya sinema ya Majestic, Empire na Cine Afrique, na Mombasa palikuwa na Regal na Naaz. Watu walitoka sinema wakaenda kukaa barazani, na picha ikaanza upya katika vinywa vyao. Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji wazee wengi wa Tanzania na kuchapisha kitabu chake mwaka 2018, ameeleza kwa urefu namna filamu za Kihindi zilivyozungumzwa na watazamaji wa kwetu, na namna filamu ya Awara ya mwaka 1951 ilivyoingia mioyoni mwao.

Tuichukue Awara yenyewe. Jaji Raghunath anamfukuza mkewe mjamzito kwa kushuku tu. Jaji huyo ana imani kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na mtoto wa mwungwana lazima awe mwungwana. Mwanawe mwenyewe, Raj, anakulia katika umasikini na kufanywa mwizi na jambazi aliyetaka kumlipiza kisasi jaji. Je, ni damu imfanyayo mtu awe mwema au mwovu, au ni malezi? Au tuichukue Mother India ya mwaka 1957, ambamo mama, Radha, anampiga risasi mwanawe Birju kwa sababu amemteka binti wa watu. Alifanya haki? Mama anaweza kuwa hakimu wa mtoto wake? Maswali haya yalibishaniwa na wachukuzi, washonaji, mabibi waliokaa uani wakichambua mchele, na watu wengi ambao hata Kihindi hawakukijua. Hakuna aliyewafundisha uhakiki wa sanaa. Walijua tu kwamba mwenye kusema "picha ile mbaya" ataulizwa papo hapo, "Kwa nini?"

Hapa Dubai tunakaa ghorofa ya nane au ya kumi na mbili. Baraza hatuna. Jirani wa mlango wa pili ni mtu wa nchi nyingine na lugha nyingine, na wakati mwingine hatulijui hata jina lake. Ndani ya nyumba, baba ana simu yake, mama ana yake, na watoto wana zao. Kila mmoja hutazama lake akiwa ameziba masikio. Filamu hazijapungua, bali zimezidi. Kilichopungua ni yale mazungumzo ya baada ya filamu, na kwa maoni yetu hayo ndiyo yaliyokuwa sehemu bora zaidi ya starehe ile.

MANENO YA KUTOLEA RAI

Tulipokuwa tukifundisha, tulikuwa na kanuni moja darasani: hakuna rai bila ya neno "kwa sababu". Mwanafunzi akisema hadithi ni nzuri akanyamaza, tulimsubiri asimame hapo hapo mpaka neno hilo limtoke. Kanuni hiyo tunaipendekeza kwa kila nyumba, na iwafunge wazazi kama inavyowafunga watoto. Mzazi asemaye "mchezo huo haufai" akaishia hapo, hajatoa rai, ametoa amri. Mtoto asemaye "hicho kitabu kinachosha" akakitupa, naye hajatoa rai, ametoa malalamiko.

Watoto wetu wana neno moja tu la Kiingereza la kuonyesha kwamba kitu hakikuwapendeza, na wanalibandika juu ya kila kitu, kuanzia somo la hisabati mpaka harusi ya binamu yao. Kiswahili kina utajiri mkubwa zaidi. Hadithi inaweza kuwa imepooza, yaani haina uhai. Inaweza kuwa inarudia yale yale. Inaweza kukosa taharuki, kwa kuwa mwisho wake tumeujua tangu mwanzo. Inaweza kutiwa chumvi mno hata isisadikike. Inaweza hata kukinaisha, kama halua inayoliwa nyingi kwa mpigo. Utamu upo, ila umezidi. Hizo ni sababu tano mbalimbali, na kila moja ni mlango wa mazungumzo. Mtoto akiulizwa, "Imepooza au imekukinaisha?" atalazimika kufikiri, na atafikiri kwa lugha ya bibi yake.

Hali kadhalika katika kusifu. Tumfundishe kusema kwamba kisa kimesukwa vizuri, kwamba mhusika huyu anasadikika na yule hasadikiki, kwamba mandhari inapendeza lakini mazungumzo ni mazito, kwamba mwisho umemgusa au umemwacha na kiu. Haya si maneno ya chuo kikuu. Ni maneno ya kila siku ambayo tumeacha kuyatumia kwa kuwa hatuna tena wa kuyatumia naye.

FILAMU

Sasa ni haki nasi tutoe rai zetu, tena pamoja na sababu, ili wasomaji wapate cha kukubali na cha kukataa.

Kwa familia nzima tunaipendekeza filamu ya The Message ya Moustapha Akkad, iliyotoka mwaka 1976. Wengi wetu tuliiona zamani katika kanda za video, tukaiona kama darsa na kuisahau kama filamu. Tunawaomba muitazame tena kwa jicho la pili. Mtume (S.A.W.) haonyeshwi wala sauti yake haisikiki. Mara nyingine kamera yenyewe husimama mahali pake, na wahusika huielekea na kuzungumza nayo. Waulizeni watoto: filamu inawezaje kutufanya tumhisi mtu ambaye haonekani hata mara moja? Fauka ya hayo, Akkad alitengeneza filamu mbili kwa wakati mmoja, moja ya Kiingereza na moja ya Kiarabu, kila moja ikiwa na waigizaji wake. Hamza wa Kiingereza ni Anthony Quinn, na Hamza wa Kiarabu ni Abdullah Gaith. Watoto wetu wanaosoma hapa wanazijua lugha zote mbili kuliko sisi. Wapeni kazi ya kutuambia ni Hamza yupi aliye bora, na kwa sababu gani. Sisi tunampendelea yule wa Kiarabu, kwani utulivu wake unatisha zaidi kuliko nguvu za mwenzake.

Tunaongeza tahadhari moja. Filamu au tamthilia haiwi nzuri kwa kuwa tu wahusika wake wanasali na kuvaa vilemba. Tamthilia ya Kituruki ya Ertuğrul, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2014 hadi 2019, imependwa na familia nyingi za Kiislamu, nasi hatukatai kwamba inasisimua na kwamba vita vyake vimepangwa kwa ustadi. Lakini historia imehifadhi habari chache sana za Ertuğrul mwenyewe, na kwa hivyo sehemu kubwa ya yale tunayoyaona ni ubunifu wa waandishi. Mtoto anayeitazama na aambiwe hivyo wazi wazi, asije akaifanya ndiyo kitabu chake cha tarehe.

Kwa watu wazima na vijana waliokomaa, ipo Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilo hilo, iliyochapishwa mwaka 1999. Ni kisa cha Unguja ya miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa mwanamume anayemzidi umri kwa mbali. Anaikimbia ndoa hiyo, na baadaye anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru na kuandamwa na askari wa mkoloni. Rai yetu ni kwamba filamu imeshinda riwaya kwa macho, na riwaya imeishinda filamu kwa ulimi. Vichochoro, milango, mwanga wa taa na kivuli cha ukutani vyote vimepigwa picha kwa mapenzi ya mtu anayeijua nchi ile. Lakini filamu ya kiasi cha saa moja na nusu haiwezi kubeba mizaha, masimango na maneno ya mitaa ya Ng'ambo ambayo Adam Shafi ameyajaza katika kurasa zake. Mwenye kutazama bila ya kusoma amepata nusu.

Tunajua kwamba baadhi ya wazazi hawatapenda mapenzi ya Yasmin na Denge, ambayo hayakufungiwa ndoa. Wana haki ya kutopenda, na ndiyo sababu tukasema ni filamu ya watu wazima. Tunawaomba jambo moja tu: wasiiache ndoa ya mwanzo ikapita bila ya kuulizwa. Ikiwa tunamlaumu Yasmin kwa alilolifanya baadaye, tuwalaumu pia waliomwoza bila ya ridhaa yake. Binti zetu wanatusikiliza tunapotoa hukumu, na wanapima mizani yetu ina pande ngapi.

VITABU

Juu ya vitabu, mji huu umetuondolea visingizio vingi. Maktaba ya Mohammed bin Rashid, iliyofunguliwa mwaka 2022 huko Al Jaddaf, imejengwa kwa umbo la marufaa, yaani kibao cha kuwekea msahafu, na ndani yake kuna sehemu maalumu ya watoto. Jirani zetu wa Sharjah wana maonyesho makubwa ya vitabu kila mwaka, yaliyoanza mwaka 1982. Aidha, tangu mwaka 2015 yapo mashindano ya kusoma ya nchi za Kiarabu, ambayo yaliwataka wanafunzi wasome vitabu 50 kwa mwaka na kuandika muhtasari wa kila kimoja. Ni jambo jema sana, na hongera kwa watoto wetu walioshiriki. Ila nyumbani tuongeze kile ambacho muhtasari hauna. Muhtasari husema kilichotokea. Rai husema kama kilistahili kutokea. Mtoto aweza kufupisha vitabu 50 bila ya kukubali wala kukataa hata kimoja.

Kitabu cha kwanza tunachokipendekeza ni Peponi, tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah. Mwandishi huyu wa Unguja alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Riwaya hiyo aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaileta katika Kiswahili mwaka 2022. Kijana Yusuf, mwenye umri wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri aitwaye Aziz. Yeye anamjua tajiri huyo kama mjomba anayekuja kuwatembelea na kumwachia sarafu. Akifika ugenini ndipo anapoambiwa na Khalil, kijana mwenziwe, kwamba huyo si mjomba wake, na kwamba yeye amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Tunawauliza wasomaji: ni wangapi kati yetu hapa Dubai ambao watoto wao humwita kila rafiki wa baba "ami" na kila rafiki wa mama "khalati"? Desturi hii ni nzuri na tunaipenda. Peponi inatukumbusha kwamba jina la ujamaa linaweza kufunika mambo, na kwamba mtoto ana haki ya kujua nani ni ndugu kweli na nani ameitwa ndugu kwa heshima tu. Hayo ni mazungumzo ambayo kila mzazi ughaibuni anapaswa kuwa nayo, na riwaya inaturahisishia kuyaanza.

Rai yetu juu ya tafsiri ni hii: tuliposoma kwa Kiingereza, tuliwaona watu wetu kama tunaowatazama dirishani. Katika Kiswahili wamerudi ndani ya nyumba. Maneno yaliyokuwa yakionekana kama mapambo ya kigeni katika Kiingereza sasa ni maneno tu, kama mengine. Hata hivyo riwaya si nyepesi, na mwisho wake unawaacha wasomaji wengi wakinung'unika. Acheni wanung'unike, ila waseme kwa nini.

Kwa vijana wapendao mafumbo na upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, bado hakijachuja. Bwana Msa na kiko chake huwafungua watu midomo kwa maswali, wala hana haja ya bastola. Lugha yake ni ya mjini Unguja, tamu na yenye mzaha. Ila tuseme kweli: mwendo wake ni wa taratibu, na kijana aliyezoea filamu za mbio atalalamika kurasa za mwanzo. Msomeeni kwa sauti sura mbili za kwanza, na zilizobaki atazifuata mwenyewe.

Kwa watoto wadogo zaidi, someni pamoja Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Humo yumo mfalme aitwaye Rai, na nchi yake ni Ughaibu. Mfalme huyo anapata habari kwamba Adili, liwali wake, ana manyani wawili ambao huwapiga kila usiku. Habari hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu yeyote ampe Adili hukumu kali. Lakini mfalme anamwita, anamtaka aeleze, na anamsikiliza mpaka mwisho. Hapo ndipo inapodhihiri kwamba manyani wale ni ndugu zake waliomdhulumu, na kwamba kuwapiga ni jambo alilolazimishwa na majini na linalomwuma yeye mwenyewe. Sisi tulio ughaibuni tunaweza kujifunza kwa mfalme huyo: asikilize kwanza, ndipo ahukumu.

MICHEZO YA SIMU

Tumeiweka michezo mwishoni kwa kuwa hapo ndipo wazazi wengi wanapohukumu wasichokijua. Michezo ya simu haifanani, kama vile vitabu visivyofanana. Njia ya kuipima ni kuiuliza maswali machache.

Swali la kwanza: mchezo huu unakwisha? Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na likichezwa hufika mwisho; mmoja ameshinda, mwengine ameshindwa, watazamaji wametoa maneno yao, na watu wanakwenda kusali au kula. Michezo mingi ya simu imetengenezwa isikwishe. Candy Crush, iliyotoka mwaka 2012, humpa mchezaji nafasi tano za kukosea. Zikimalizika, husubiri nusu saa ili arudishiwe moja, au hulipa fedha asisubiri. Kwa hivyo mchezaji huondoka akiwa na kiu, na ile nusu saa huwa inamwita. Mama anayemlaumu mtoto kwa kutoweza kuiacha simu ajue kwamba mtoto huyo anapambana na watu wazima wenye elimu, waliolipwa ili asiweze kuiacha.

Swali la pili: nani analipa, lini, na kwa kupata nini? Katika Free Fire, uliotoka mwaka 2017, wachezaji hadi 50 hushushwa kisiwani wakapigana mpaka abaki mmoja au kikosi kimoja, na raundi moja huchukua kiasi cha dakika 10 tu. Ndiyo maana "moja ya mwisho" haiwi ya mwisho. Mchezo wenyewe ni wa bure, lakini zipo almasi zinazonunuliwa kwa fedha halisi, na zipo bahati nasibu ambazo mtoto hulipia bila ya kujua atapata nini. Nchini Ubelgiji, tume inayosimamia kamari iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya namna hiyo katika michezo ni kamari kwa mujibu wa sheria yao. Hukumu ya kidini tunawaachia masheikh wetu. Sisi kama walimu tunamtaka kila baba amketishe mwanawe amwonyeshe mahali fedha inapotoka na kile kinachorudi, halafu mtoto mwenyewe alitaje jina la biashara hiyo.

Swali la tatu: mchezo unamtaka mchezaji atende nini ili afanikiwe? Hapa tuwe waadilifu. Katika Minecraft mtoto hujenga kwa matofali, akachimba, akapanda, akapanga. Sisi tunaupenda mchezo huo kwa sababu unaacha kitu kilichotengenezwa. Mwambieni mwanenu ajenge nyumba ya kwetu, yenye baraza mbele, daka, kumbi na uani penye kisima. Atalazimika kumwuliza babu yake kwa simu daka linakaa wapi, na babu hatauliza tena kama mjukuu wake anapoteza wakati. Na Ludo King je? Dado ni ile ile tuliyoichezea utotoni. Mwezi wa Aprili 2020, tulipofungiwa majumbani hapa Dubai kwa sababu ya korona, wako waliocheza na ndugu zao wa Mombasa na Unguja huku wakitaniana kama waliokaa mkeka mmoja. Mchezo haukuwa na akili nyingi, lakini uliwaunganisha jamaa, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuusifu.

TUANZEJE?

Tunapendekeza usiku mmoja kwa wiki, baada ya Isha. Kiwe kitu kimoja tu: filamu moja, sura moja ya kitabu, au mchezo mmoja ambao mtoto atawafundisha wazazi wake. Kisha kila mmoja atoe rai yake kwa Kiswahili, na neno "kwa sababu" liwemo. Aanze mdogo kuliko wote, na baba awe wa mwisho. Akianza baba, watoto watarudia maneno yake kwa adabu, na hatutajua walilonalo moyoni. Neno likimpotea mtoto, alitaje kwa lugha aijuayo, na nyumba nzima isaidiane kulitafuta la Kiswahili. Asichekwe kwa kosa la ngeli. Mtoto aliyechekwa lugha yake hujihifadhi katika lugha nyingine, na huko ndiko tunakompotezea.

Na mtoto akitoa rai inayopingana na yetu, je? Ikiwa ina sababu, tuipokee kama tunavyopokea hoja ya mtu mzima, hata kama hatutaifuata. Maadili ya nyumba ni ya wazazi, na kukataza kupo. Lakini katazo lililoelezwa sababu huenda na mtoto hata pale ambapo sisi hatupo, ilhali lile la ukali humwishia mlangoni. Kwa yule mama wa Al Nahda ushauri wetu ni huu: asimnyang'anye kijana simu, bali amwombe waitazame ile filamu pamoja tangu mwanzo, na pale asipoelewa aulize. Kijana aliyesema kwamba mama hataelewa ataona raha kubwa akigeuzwa kuwa mwalimu.

Kwa toleo la mwezi ujao tunaomba rai zenu za mistari isiyozidi kumi juu ya filamu, kitabu au mchezo wowote. Waandike wakubwa na wadogo. Za watoto tutazichapa kama zilivyo bila ya kusahihisha tahajia, mradi ziwe kwa Kiswahili na mradi neno "kwa sababu" limo. Na wanaotaka kumtetea Hamza wa Kiingereza dhidi yetu, uwanja uko wazi.

Wabillahi tawfiq.